Mjomba Aliyenikatalia

Katika ukoo wetu mtu huzaliwa na cheo chake, na cheo hicho hakimtoki hata akizeeka. Ndiyo maana mimi, mzee wa miaka 75, nikimkumbuka mtu aliyenizidi miaka mitatu tu, ulimi wangu hauwezi kumtaja kwa jina. Alikuwa kitindamimba wa bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo alikuwa Mjomba. Nami, hata nilipokuwa mkuu wa chuo mwenye mvi na miwani, kwake nilikuwa Mpwa. Hayo ndiyo majina tuliyoitana kwa zaidi ya miaka 60, na ndiyo nitakayoyatumia hapa. Undugu tulipewa. Urafiki tuliujenga wenyewe, na mara moja mimi nilijaribu kuubomoa. Habari ya kuubomoa sijapata kuisimulia yote kama ilivyokuwa. Nimeona niiandike sasa, kwa kuwa yeye hayupo tena wa kunihurumia, na mimi mwenyewe jua langu limekwisha kuinama.

Tulilelewa katika nyumba moja huko Kwimba, katika nchi ya Wasukuma, mahali ambapo ukitazama upande wowote unaona mashamba ya pamba na mtama, na mawe makubwa yaliyosimama kama watu wanaongoja jambo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Bibi akanichukua, akanilaza pamoja na kitindamimba wake juu ya ngozi moja na chini ya blanketi moja. Tulichunga ng'ombe pamoja na kula matobolwa kutoka chungu kimoja. Mbele ya watu nilikuwa sharti nimwamkie, "Shikamoo, Mjomba," na Bibi hakunipa chakula cha asubuhi mpaka asikie salamu hiyo. Tukifika machungani heshima ilibaki nyuma, tukapigana mieleka mpaka ng'ombe wakaingia katika shamba la mtu. Jioni tulichapwa sote wawili, yeye zaidi, kwa sababu alikuwa mjomba na ilimpasa awe na akili.

Nitaeleza kwanza jambo moja lililotokea mwaka 1956, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa yaliyofuata. Msimu huo tulikwenda na Babu kuuza pamba. Wakulima wa mikoa ya ziwani walikuwa wamekwisha kuanzisha vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa vimeungana kuwa shirikisho moja. Mojawapo ya mambo yaliyowaunganisha ilikuwa mizani, kwa maana watu walichoka kupunjwa na wanunuzi. Lakini ushirika peke yake haumfundishi mtu kusoma tarakimu. Babu alisimama mbele ya mizani kama alivyosimama miaka yote, kofia mkononi, macho yake yakimtazama karani badala ya kuutazama mshale. Karani akaandika stakabadhi, Babu akaipokea na kuikunja.

Mjomba alikuwa na miaka kumi, naye alikuwa darasa la pili. Akamvuta Babu nguo. "Baba, mshale umesimama kwenye 87. Karatasi imeandikwa 78."

Karani alicheka, akasema kalamu imeteleza, akasahihisha. Kama kweli iliteleza, Mungu ndiye ajuaye, mimi simhukumu mtu. Ninachokumbuka ni kwamba Babu hakusema neno njia nzima. Usiku, tukiwa tumelala, tulimsikia akimwuliza Bibi polepole, "Miaka yote hii, mama, tumeuza ratili ngapi?" Bibi hakujibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kujua. Mjomba, pale kwenye ngozi, alikuwa macho kama mimi. Nadhani usiku ule ndio alipokuwa mwalimu, ingawa ilipita miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumwita hivyo.

Vijana wa siku hizi hawaujui mtihani wa darasa la nne. Enzi zetu ulikuwa mlango mwembamba kuliko tundu la sindano. Watoto wengi waliingia darasa la kwanza, na waliofika la tano walikuwa wachache mno, kwa kuwa shule za kati zilikuwa za kuhesabika. Mjomba aliufanya mwaka 1958, asichaguliwe. Mimi niliufanya mwaka 1960, nikachaguliwa. Akili zetu hazikupishana. Nasema hivyo kama mtu aliyepima akili za watoto kwa karibu miaka 40. Bahati ndiyo iliyopishana. Siku majina yaliposomwa nilirudi nyumbani nikiogopa kumtazama. Yeye alinipokea jembe begani, akaniambia, "Mpwa, wewe soma. Mimi nitakuwa mbuga, wewe uwe mvua." Tangu msimu huo alilima kipande cha pamba pembeni mwa shamba la Babu. Watu walikiita shamba la Mpwa, kwa kuwa mapato yake yalilipa ada yangu ya shule ya kati mpaka nilipomaliza darasa la nane.

Nikaenda sekondari, na baadaye chuo cha ualimu. Mwishoni mwa mwaka 1970 nikatoka na cheti cha daraja A na suruali mbili zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mwaka huohuo ndio uliokuwa umetangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilipofika nyumbani kwa likizo nilimkuta Mjomba ameketi chini ya mkwaju pamoja na watu kama ishirini, ubao umeegemezwa kwenye shina, naye anawafundisha. Alikuwa amejitolea kuwa mwalimu wa kisomo. Kwetu mambo hayo yalianza mapema kidogo kuliko sehemu nyingine za nchi, kwa sababu tangu mwaka 1968 mikoa ya ziwani ilikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilifundisha herufi kwa njia ya kazi za watu: pamba, uvuvi, migomba, ng'ombe. Mwalimu wa kujitolea alipewa bahashishi ya shilingi 30 kwa mwezi. Wengine walisema ni kidogo. Mjomba alisema ni nyingi, kwa kuwa angeifanya kazi ile hata bila hizo. Alisema kweli, kama mtakavyoona.

Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa changu kimejaa nadharia, kwa hiyo niliketi nyuma ya darasa lake nikitafuta makosa. Niliyaona mengi. Mwandiko wake ulipanda mlima. Alisahau kufuta ubao. Lakini niliona pia jambo ambalo chuoni sikufundishwa. Katikati ya somo alitundika mizani ya kienyeji kwenye tawi la mkwaju, akamwita kila mtu aje apime kikapu cha pamba, asome, aandike, kisha mwenzake asome alichoandika. Wazee waliokuwa wakisinzia kwenye herufi waliamka kwenye mizani. Hakuna aliyeambiwa "vizuri" mpaka awe amesoma mwenyewe. Mjomba hakujua kumsifu mtu bure. Alingoja. Angeweza kumngoja mama mmoja mbele ya neno moja mpaka kuku walale.

Mwaka 1974 nilihamishiwa shule ya kwetu kuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa na miaka 25, na nilijiona mkubwa. Ulikuwa mwaka wa pilikapilika. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu wengi kutoka kwenye miji yao ya zamani na kuwakusanya kandokando ya barabara, na nyumba nyingi zilikuwa bado ni miti mitupu isiyokandikwa. Darasa la mkwajuni lilihamia katika chumba kimoja cha shule yangu, na kwa utaratibu wa wakati huo mimi mwalimu mkuu ndiye niliyekuwa msimamizi wa kituo. Hivyo Mjomba akawa chini yangu. Yeye aliliona hilo kuwa jambo la kuchekesha. Mimi sikuliona hivyo.

Chama cha TANU kilikuwa kimeazimia mwaka 1971 kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchini kabla ya mwaka 1975 kwisha. Lilikuwa azimio kubwa na zuri, na hata leo nasema nchi maskini haijapata kufanya jambo la maana kuliko lile. Lakini azimio likishuka kutoka juu, kila ngazi huongeza uzito wake, na linapofika kwa mwalimu mkuu wa kijijini limekuwa kama gunia la pamba lililolowa mvua. Mtihani wa taifa wa kisomo ulipangwa Agosti 1975. Wiki mbili kabla yake tuliitwa kwenye mkutano. Hakuna aliyetuambia tudanganye. Nataka haki itendeke katika jambo hili. Tuliambiwa tu kwamba viongozi wanangoja kuona kituo kipi kimefuta ujinga na kipi kimezembea. Mtu mwenye tamaa ya cheo hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa na tamaa hiyo.

Mtihani ulifanyika. Watu walisoma, wakaandika, wakajumlisha na kutoa. Matokeo yalipangwa kwa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, na aliyefika hatua ya tatu ndiye aliyehesabiwa kuwa amejua kusoma na kuandika. Katika kituo changu wengi walifaulu vizuri. Walibaki kumi na mmoja. Hawa walizijua herufi, waliweza kuunga silabi, lakini sentensi iliwashinda. Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa Bibi yetu.

Usiku ule, kwa mwanga wa kibatari, niliyafanyia kazi majina kumi na moja. Niliyapandisha yote hatua ya tatu. Nilijiambia kwamba wamebakiza kidogo tu, kwamba watajua baadaye, kwamba cheti kitawatia moyo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Asubuhi nikampelekea Mjomba orodha atie sahihi yake kando ya yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wao.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Alipofika kwenye jina la mama yake alisimama. Akaweka kalamu chini.

"Mpwa, hawa hawajui kusoma."

Nikamweleza habari za mkutano, habari za wilaya, habari za heshima ya kijiji. Nikamwambia, "Mjomba, hata Bibi yumo. Hutaki mama yako apate cheti?"

"Nataka ajue kusoma," akajibu. "Pamba fifi hata ukiifungia katika gunia la pamba safi haigeuki kuwa safi. Siku gunia likifunguliwa itaonekana." Halafu akasema neno lililonichoma kuliko yote, ingawa alilisema bila ukali: "Wewe ulikuwepo siku ile ya mizani."

Nilikasirika sana. Nilimwambia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Nilimwambia kwamba yeye ni mtu wa darasa la nne, na mimi ndiye niliyesomea kazi hii. Naam, nilimwambia hivyo mimi, niliyesoma kwa pamba ya shamba lake. Hakujibu. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Orodha sikuweza kuipeleka bila sahihi yake, kwa hiyo niliyashusha majina yale kumi na moja kama yalivyostahili, nikapeleka matokeo ya kweli. Lakini sikuyapeleka kwa uaminifu. Niliyapeleka kwa hasira. Na mwezi Septemba, nilipotakiwa kuandika majina ya walimu wa kujitolea kwa mwaka uliofuata, jina la Mjomba sikuliandika.

Siku ya pili baada ya ugomvi wetu, alfajiri, alikuja mlangoni kwangu na kibuyu cha maziwa mgando. Akasimama nje, akabisha hodi. "Mpwa, ya jana ni ya jana. Nimekuletea maziwa." Nilikuwa ndani, nimeketi kitandani. Nilisikia kila neno. Sikuitikia. Alisimama muda ambao mtu angeweza kuchota maji kisimani na kurudi, kisha nikamsikia akiweka kibuyu chini kwa taratibu na kuondoka. Nimefanya makosa mengi katika maisha, na mengine yaliwaumiza watu zaidi. Lakini ikiwa nitaulizwa kosa moja mbele ya Mungu, naamini nitaulizwa dakika zile ambazo Mjomba alisimama nje ya mlango wangu.

Baada ya hapo kituo changu kilipata mwalimu mwingine, kijana mpole aliyejua kuandika rejista vizuri. Wale kumi na mmoja hawakurudi. Nilidhani wamekata tamaa, mpaka nilipopita jioni moja karibu na mji wetu wa zamani, nikawaona wako chini ya mkwaju uleule, na Mjomba yuko mbele yao. Hakuwa na ubao, alitumia mlango wa zamani wa ghala. Hakuwa na chaki, aliandika kwa mihogo mikavu. Hakuwa na shilingi 30. Nilisimama nyuma ya majani kama mwizi, nikasikiliza. Walikuwa wakisoma sentensi, neno kwa neno, na sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya Bibi.

Bibi ndiye aliyenisema. Mimi nilikuwa mjukuu, na kwa utani wetu aliniita mume wake. Siku moja alinikuta barabarani akaniuliza mbele ya watu, "Mume wangu, nasikia ulitaka kunioa kwa cheti cha uongo?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nyumbani sikuweza kula. Kumbe alijua yote, na hakumkasirikia mwanawe aliyemnyima cheti. Alinikasirikia mimi niliyetaka kumpa.

Mtihani mwingine wa taifa ulifanyika mwaka 1977. Siku za kuandikisha, Mjomba alikuja ofisini kwangu. Tulikuwa tumekwisha kurudia kuamkiana, maana katika kijiji huwezi kumkwepa mtu miaka miwili, lakini hatukuwa tumeketi pamoja. Akavua kofia kama mtu aliyekuja kwa mwalimu mkuu, akasema, "Nimekuja kuandikisha watu tisa." Katika wale kumi na mmoja, mmoja alikuwa amefariki na mwingine amehamia Geita. Tisa walifanya mtihani. Saba walifika hatua ya tatu, na wawili, Bibi akiwa mmoja wao, walifika hatua ya nne, ile ya mtu anayeweza kusoma gazeti na kuandika barua.

Niliisimamia karatasi ya Bibi kwa macho yangu, na sikumwongezea hata nukta. Alipomaliza alinitazama, akasema, "Safari hii unaweza kutia sahihi."

Nilimwendea Mjomba jioni ile. Nilitaka kuomba radhi, lakini maneno yalikataa kutoka. Badala yake nilimwambia kwamba nimelirudisha jina lake katika orodha ya walimu. Alinitazama kwa muda, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Septemba ya mwaka juzi mpaka Agosti hii ni miezi 24. Mara 30. Shilingi 720, Mpwa. Utanilipa lini?" Halafu akaangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa machozi ya kicheko tu.

Tangu siku hiyo shilingi 720 zikawa utani wetu. Nilipopata uhamisho kwenda kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, alinisindikiza hadi stesheni ya Malya, na garimoshi lilipoanza kuondoka alikimbia kandokando ya dirisha akipiga kelele, "Usisahau 720 zangu!" Abiria wakanitazama kama mdeni aliyetoroka. Katika miaka ya shida, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni vilipoadimika, aliniletea gunia la michembe mjini, akasema anaongeza riba. Mara mbili au tatu nilijaribu kweli kumlipa, na zaidi. Alizirudisha. "Ukinilipa," alisema, "nitakuwa na kisa gani cha kuja kukudai?"

Bibi aliishi miaka kumi na moja baada ya mtihani ule. Alisoma gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa vijijini, akalisoma kwa sauti kubwa ili jirani asiyetaka asikie. Barua zangu alizisoma mwenyewe. Aliniandikia pia, na barua zake zilianza kila mara kwa maneno, "Mume wangu, hii naandika kwa mkono wangu."

Vitabu vinaeleza kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini Tanzania walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, wakapungua hadi asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Niliwafundisha walimu wanafunzi tarakimu hizo miaka mingi. Kila mara nilipoziandika ubaoni mkono wangu ulisita kidogo. Sijui habari za vituo vingine. Najua kituo kimoja ambacho tarakimu yake ya mwaka 1975 ilikuwa ya kweli, na najua pia kwamba ilikuwa ya kweli kwa sababu mkulima mmoja wa darasa la nne aliweka kalamu chini.

Kisa hiki nilikisimulia chuoni kila mwaka, katika wiki ya mwisho kabla vijana hawajaenda kufundisha. Lakini nilikisimulia hivi: "Palikuwa na mwalimu mkuu mmoja kijana." Walimu wanafunzi walimcheka sana huyo mwalimu mkuu, wengine wakamlaani. Nami nilisimama mbele yao na chaki yangu, nikawaacha wamcheke mtu mwingine. Kwa hiyo niliyewafundisha wasitie sahihi uongo, mimi mwenyewe nilikuwa nikiongeza nusu ya uongo kila mwaka. Wale wanafunzi wangu wa zamani watakaofikiwa na kitabu hiki sasa wajue. Kijana yule ni mimi.

Radhi niliiomba kwa kuchelewa, mwaka 2013. Nilikuwa nimestaafu miaka minne, naye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Tuliketi chini ya mkwaju, wazee wawili, sahani ya matobolwa katikati yetu kama zamani. Nikamwambia bila utani, "Mjomba, lile la mwaka 1975, nilikukosea. Na asubuhi ile ya maziwa nilikuwa ndani. Nilikusikia."

Alitafuna kwa muda mrefu. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema, "Nilijua umo ndani. Kiatu chako kilikuwa mlangoni." Akameza. "Na nilijua kuwa umeona haya. Mtu asiyeona haya hakasiriki kiasi kile. Kama ungetoka unacheka, ungechukua maziwa, ungesema sawa Mjomba, hapo ningekuogopa."

Miaka 38 nilikuwa nimeubeba mzigo ule nikidhani naujua peke yangu, kumbe yeye aliuona siku ileile, na akaamua kuningoja. Aliningoja kama alivyowangoja wanafunzi wake mbele ya neno gumu. Hakunisomea neno lile. Aliniacha mpaka nilisome mwenyewe.

Alifariki mwaka 2014, baada ya mavuno. Tulimzika nyumbani, si mbali na mkwaju. Watani walifanya kazi yao. Mmoja alisimama akadai kwamba marehemu hazikwi mpaka Mpwa alipe shilingi 720, na watu wote, hata wajane na watoto, walicheka katikati ya kilio. Nililipa pale pale. Fedha hiyo haitoshi hata kilo ya sukari siku hizi, lakini mikono yangu ilitetemeka nilipoihesabu.

Baada ya matanga watoto wake walinionyesha madaftari yake. Alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko uleule unaopanda mlima: mvua zilizonyesha, pamba aliyouza, uzito aliousoma mwenyewe kwenye mizani na uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi, ng'ombe waliozaliwa. Nyuma ya kila daftari kulikuwa na ukurasa wa wadeni. Nikaufungua ukurasa wa mwaka 1975, ukurasa wa 1976, ukurasa wa 1977. Kulikuwa na watu waliodaiwa jembe, watu waliodaiwa debe la mtama, hata mtu mmoja aliyedaiwa shilingi mbili. Nilifuata majina yote kwa kidole, mstari kwa mstari.

Jina langu halikuwemo.